Kompyuta ya zamani iliyotupwa: isome kwanza, umeme baadaye

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeokota kompyuta ya mezani iliyokuwa inatupwa pamoja na makabati ya ofisi. Kasha ni la chuma, uso wake wa plastiki umegeuka manjano, na mahali pa nembo pamebaki gundi tu. Mbele ina kitufe kilichoandikwa TURBO na kidirisha cha namba. Nyuma, tundu la kibodi ni duara kubwa lenye matundu 5, na la skrini lina matundu 15 katika safu 3. Hii ni kompyuta gani, na naweza kuiwasha?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Umefanya vyema kuiokota, na vyema zaidi kuuliza kabla ya kuichomeka. Usiiwashe bado. Nimeletewa mashine zilizokaa stoo miaka mingi zikiwa nzima, zikaungua dakika ileile ziliporudishiwa umeme.

Kwa maelezo yako tu, tunaweza kuanza kuibana. Tundu kubwa la kibodi ni la ukoo wa kompyuta za kampuni ya IBM, yaani PC ya 1981 na AT ya 1984. Lile dogo la matundu 6 lililetwa na IBM PS/2 mwaka 1987, ila watengenezaji wengine wengi waliendelea na kubwa hadi katikati ya miaka ya 1990. Tundu la skrini la matundu 15 ni la VGA, kiwango cha kuunga skrini kilichoanza 1987 hiyohiyo. Viwango vya CGA na EGA vilivyotangulia vilitumia matundu 9. Kadi ya skrini hubadilishwa, kwa hiyo huo ni ushahidi wa kadi zaidi kuliko wa mashine nzima. Kitufe cha TURBO kilikuwa cha kupunguza mwendo, kwa ajili ya programu za mwanzo, hasa michezo, zilizohesabu muda kwa kasi ya prosesa ya 4.77 MHz. Dhana yangu ni mashine ya prosesa ya 386 au 486. Kidirisha cha namba usikiamini: tarakimu zake hupangwa kwa vijampa (vifuniko vidogo vya kuunganisha pini) vilivyo nyuma yake, hazipimi chochote.

Sasa fungua kasha, na jambo la kwanza utafute betri inayotunza mipangilio ya kompyuta ikiwa imezimwa. Katika mashine za rika hili mara nyingi ni kipipa kidogo, aghalabu cha rangi ya bluu, kilicholala karibu na tundu la kibodi, kimeandikwa 3.6V. Imulike kwa tochi. Ukiona unga wa kijani au mweupe miguuni pake, na njia za shaba zilizo jirani zimekuwa nyeusi, imeshavuja. Ikate hata kama inaonekana safi, kwa sababu itavuja tu. Majimaji yake ni alkali, hivyo paka siki nyeupe kidogo kwa mswaki. Itatoa povu hafifu. Kisha suuza kwa maji safi, malizia kwa spiriti, uache madabodi, yaani ubao mkuu wa saketi, ikauke siku nzima. Fuata kila njia ya shaba kwa multimita, kwani iliyoliwa huweza kuonekana nzima kwa macho. Na tafadhali, usilehemu betri ya lithiamu isiyochajiwa mahali pale: madabodi itajaribu kuichaji, nayo inaweza kupasuka.

Ukiwa hapo, soma chipu. Nyingi zina tarakimu 4 za tarehe: 9137 maana yake wiki ya 37 ya mwaka 1991. Usichukue chipu moja. Soma kumi, kisha tazama iliyo changa kuliko zote. Madabodi haikukamilika kabla ya hiyo. Angalia pia nafasi za kadi. Zikiwa nyeusi na ndefu peke yake ni ISA. Fupi nyeupe za PCI zikionekana, umeingia miaka ya 1990. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Soma kibandiko cha diski kuu na unakili pembeni vipimo vyake, yaani idadi ya silinda, vichwa na sekta, maana bila betri kompyuta imevisahau, na itakuuliza.

Pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ndiyo ya mwisho. Nyuma yake huwa na swichi ya kuchagua volti, 115 au 230: hakikisha inalingana na umeme wako. Usiijaribu bila mzigo. Ifungie diski ya zamani usiyoijali, kisha pima waya mwekundu upate kati ya volti 4.75 na 5.25, na wa njano kati ya 11.4 na 12.6. Plagi mbili zinazoingia madabodi zinafanana, na kuzikosea huua madabodi: nyaya nyeusi za zote mbili lazima zikutane katikati.

Vipimo vikiwa sawa, rudisha pawasaplai na uiwashe kompyuta ikiwa na memori na kadi ya skrini tu. Usiunge kibodi. Kompyuta nyingi zitalalamika kwamba hazioni kibodi na kusimama hapohapo, na hilo ndilo tunalolitaka, kwa sababu chini ya skrini hubaki mstari mrefu wa herufi na namba za BIOS, programu ya madabodi inayoiamsha kompyuta. Upige picha mara moja. Katika BIOS za kampuni za AMI na Award, humo mna tarehe na namba zinazomtambulisha aliyetengeneza madabodi, na kwa mashine iliyong'olewa nembo mara nyingi hicho ndicho cheti pekee cha kuzaliwa kilichobaki.

Diski kuu iunge siku nyingine, madabodi ikishathibitika. Ikikubali kuzunguka, nakili kwanza kilichomo kabla ya kugusa faili hata moja, kwa kuwa huenda isizunguke mara ya pili.