Mrehani Uvinza, Kigoma: weka bomba la kupulizia chini, osha udongo kwanza

Mkuu, usipulize chochote leo. Unasema mrehani unaungua kingo, kisima kina chumvi, na umeambiwa uchanganye mlonge na maji ya kisima hicho hicho, upulize kila jioni, halafu umwage majivu kwenye tuta.

Aliyekushauri anataka kuuza chupa yake ya mlonge. Nami niliuziwa "dawa ya kufukuza chumvi". Chumvi ipo palepale, kilichofukuzwa ni hela yangu. Chekeni tu.

Mlonge haufukuzi chumvi. Majani yake machanga yana zeatini, homoni inayochelewesha jani kuzeeka, basi mmea unavumilia zaidi. Chumvi inabaki udongoni inaubania mzizi maji hata tuta likiwa limelowa. Ukipuliza maji ya chumvi, tone linakauka na kuacha doa jeupe, kisha jani linababuka hapo. Majivu ndiyo balaa lenyewe: yana chumvi zake na yanapandisha pH, yaani udongo unazidi kuwa wa magadi. Ni kumtibu mlevi kwa gongo.

Kinachotoa chumvi ni maji yasiyo na chumvi yanayopita chini ya mizizi. Tuta la mita moja kwa moja, mizizi ikishuka sentimita 30, linataka kama lita 150 kupunguza nusu ya chumvi. Lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20, hupunguza karibu asilimia 80. Mwaga kidogo kidogo, uache yazame. Yakituama, chimba mtaro na uinue tuta kwanza, la sivyo jua la Julai litaivuta chumvi irudi juu. Mvua za Novemba zitakufanyia kazi hiyo bure. Kinga na maji ya bati kwenye pipa. Acha kunyunyiza kikopo kimoja kila siku, ndiko kunakoleta ule ukoko mweupe. Funika tuta kwa nyasi kavu.

Baada ya hapo ndipo mlonge: twanga machipukizi machanga na maji kidogo, kamua, chuja kwa kitambaa mara mbili maana nozeli huziba. Nusu lita ya juisi kwa lita 15 za maji ya mvua. Puliza asubuhi mapema, kila wiki mbili. Iliyolala mwaga.

Ukichimba shimo la kufika gotini hapo bustanini na kulijaza maji, yanazama au yanakaa? Jibu hilo kwanza kabla hujanunua chupa.