Kilo Saba na Msimu wa Korosho

Juma lililopita msomaji mmoja wa Masasi aliniandikia akitaka nimtajie dawa niliyotumia kupunguza mwili, na akaniahidi kwamba siri hiyo hataitoa kwa mtu mwingine. Sikukasirika, ingawa swali hilo limeanza kunichosha, kwa sababu tangu nilipopungua watu wa hapa Mtwara wamekuwa na maelezo mawili tu juu yangu: ama kuna kitu ninachomeza, ama ninaumwa. Dada yangu, dawa hakuna. Nilikuwa na kilo 79, leo nina kilo 72, na huu ni mwaka wa tatu sijarudi nilikotoka. Ninayo mengi ya kukueleza, lakini sehemu kubwa haihusu namna ya kupungua. Inahusu namna ya kubaki pale ulipofika, na hapo ndipo wengi tunapoangushwa.

Najua kuna watakaosema kwamba kilo saba si kitu. Kwa urefu wangu wa mita 1.6, kilo 72 bado zinanihesabu miongoni mwa wenye uzito uliozidi, na jambo hilo halinipi haya hata kidogo. Mama yangu anaishi na kisukari, nami presha yangu ilikuwa imeanza kupanda kila nilipopimwa, kwa hiyo sikuwa nikitafuta kiuno cha msichana. Madaktari wanakubaliana kwamba mtu mnene akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, presha na sukari huanza kushuka. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulifuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakawashinda hata wale waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kushusha sukari. Kilo zangu saba ni karibu asilimia 9. Anayezidharau na azidharau.

Kupungua kwenyewe sikuoni kama hadithi ya kusisimua. Nilikuwa nakunywa chai yenye sukari nyingi mara tatu kwa siku, asubuhi kwa vitumbua na jioni kwa mihogo ya kukaanga, na katikati nikiburudika kwa soda, ambayo chupa yake moja ya mililita 350 hubeba zaidi ya gramu 35 za sukari. Sukari niliiondoa kidogo kidogo hadi ulimi ukazoea, soda nikaiachia shughuli, na mihogo ya kukaanga nikaibadilisha kwa ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha inayouzwa kwa mafungu sokoni. Mafuta ndiyo yaliyonishangaza kuliko vyote, kwa kuwa kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120, nasi tulikuwa tukimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Mchana nilipunguza ugali ukawa nusu ya ule niliouzoea, nikaongeza samaki na kisamvu chenye tui jepesi. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, natoka nyumbani upande wa Chuno na kutembea kwa haraka kuelekea Shangani, kisha narudi kujiandaa kwenda kazini. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kurudia hayo hayo, na mizani ikashuka polepole.

Nililokuwa sijajiandaa nalo ni midomo ya watu. Katika maeneo yetu mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, mumewe anasifiwa. Akipungua, mumewe anaulizwa. Wangu aliulizwa kazini, akaulizwa msikitini, na hatimaye akaulizwa na mama yake mzazi kama fedha za matumizi anaziacha nyumbani au anazipeleka kwingine. Wifi yangu mkubwa aliniita pembeni kwenye shughuli ya unyago huko Tandahimba, akanishika mkono kwa huruma na kuniambia, "Wifi, siku hizi dawa zipo na watu wanaishi, usijifiche." Nilimshukuru, nikamwambia sina ugonjwa, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake. Jambo hilo bado linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepimwa presha na kukuta imeshuka, habari ambayo hakuna aliyetaka kuisikia. Basi elewa, dada, kwamba watu wengi hapa hawarudi kwenye unene kwa sababu ya ulafi, wanarudi ili waachwe wapumue. Mimi niliamua kwamba wakisema na waseme, na nakushauri uamue hivyo mapema, kabla hujapungua hata kilo moja.

Baada ya midomo ndipo unapokuja msimu. Minada ya korosho ikifunguliwa mwezi Oktoba na malipo yakianza kuingia, hapo ndipo harusi, unyago na maulidi hupangwa, na ikifika Desemba mtu mwenye ndugu wengi anaweza kula pilau kila mwisho wa wiki. Kukataa sahani ya mwenye shughuli ni kumvunjia heshima, nami sijawahi kuthubutu. Nilichojifunza ni kuchagua sinia la kukaa. Naketi na mabibi, kwa sababu wao hula taratibu, huzungumza sana na hakuna anayenisukumia matonge. Naanza na nyama na kachumbari, wali nauacha usogee upande wa watoto, na kinywaji changu ni maji. Nyumbani siku hiyo silipizi kwa kushinda na njaa, kwa maana anayefika kwenye shughuli akiwa na njaa kali hana mjadala na pilau.

Mwili nao hausaidii. Mtu akipungua, mwili wake mdogo hutumia nguvu kidogo kuliko awali, na wakati huo huo homoni za njaa hupanda. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba mabadiliko hayo ya homoni yalikuwa bado yapo mwaka mzima baada ya watu kupungua. Kwa hiyo kilo kutaka kurudi si uvivu wako wala si laana. Marekani kuna daftari la watu waliofanikiwa kubaki chini, lililoanzishwa mwaka 1994, na wengi walioandikishwa humo wana tabia zinazofanana: hujipima uzito mara kwa mara na hutembea au kufanya mazoezi karibu saa nzima kila siku. Mimi najipima kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai, na nimejiwekea mpaka wa kilo 74. Mizani ikifika hapo, vya kukaanga vinasimama mpaka nirudi 72, hata kama ni katikati ya Desemba.

Nawasihi wasomaji wangu waachane na chai za kupunguza mwili. Nyingi huwa na sanamaki, ambayo ni dawa inayomfanya mtu aharishe, na kinachotoka ni maji yatakayorudi ukinywa vikombe vichache. Anayetumia dawa za kisukari au presha amweleze daktari wake kabla ya kubadilisha chakula, kwa kuwa mwili ukipungua huenda dozi ile ile ikawa kubwa mno na sukari ikashuka hadi akazimia.

Imebaki korosho yenyewe, ambayo huwezi kuishi Mtwara ukaikimbia, na wala hakuna haja, maana ni chakula kizuri chenye mafuta yanayoufaa moyo. Tatizo ni kipimo. Gramu 100 zina kalori zipatazo 550, na gramu hizo mtu huzimaliza akipiga soga barazani bila kugundua. Kipimo changu ni kiganja kimoja, takribani gramu 30, nazitia kwenye kibakuli kabla ya kuketi. Ndugu wakituletea mfuko kutoka shambani, naugawa siku hiyo hiyo: fungu la jirani, fungu la watoto la kwenda nalo shule, na zinazobaki mume wangu anazihifadhi kwenye kopo juu ya kabati, mahali ambapo mimi sifiki bila kigoda.