Kuchagua gololi za kukorogea rangi za visanamu

Chupa ya kwanza niliyoiharibu ilikuwa ya rangi nyeupe, yenye mililita 17, na niliiharibu kwa gololi mbili za baiskeli nilizozinunua kwa fundi mmoja wa Majengo, hapa Dodoma. Nilikuwa nimeanza karibuni kupaka rangi visanamu, vile vya urefu wa sentimita tatu hivi, na tayari nilikuwa nimechoshwa na kazi ya kutikisa chupa kwa dakika tano nzima huku kinachotoka kikiwa ni maji maji yasiyofunika kitu. Rangi ya akriliki ni chembe zinazoelea ndani ya maji na gundi, na katika rangi nyeupe chembe hizo ni za titani dioksidi, ambayo ujazo wake uleule una uzito wa zaidi ya mara nne ya maji. Zikitulia miezi michache huzama na kushikamana chini kama ukoko wa wali, na mkono peke yake hauwezi kuubandua. Gololi ndiyo inayoubandua, kwa kuugonga tena na tena.

Fundi aliponiuliza ninazitaka za kitovu cha mbele au cha nyuma, nilimjibu kwamba sina baiskeli, bali nataka gololi ndogo zisizoshika kutu. Alicheka, akachota chache kwenye kopo la grisi kwa ncha ya bisibisi, akasema, “Mwalimu, hizi zikikaa kwenye grisi haziwezi kuota kutu hata miaka kumi.” Nilizipeleka nyumbani, nikazisafisha kwa sabuni ya unga mpaka zikang'aa, nikazitumbukiza. Miezi miwili baadaye, tone nililolidondosha kwenye kigae ninachochanganyia rangi lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoingiliwa na chai. Nilipozitoa gololi kwa kibano, zilikuwa na madoa ya rangi ya matofali, na pale zilipokuwa zikigusana palikuwa na kidonda cheusi.

Fundi hakunidanganya. Alizungumzia grisi, nami ndiye niliyeiosha. Gololi za beringi kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni asilimia 1 na kromiamu asilimia 1.5 hivi, kwa sababu kinachotakiwa pale ni ugumu. Chuma huanza kuhesabiwa kuwa stenlesi, yaani kisichoshika kutu kirahisi, kromiamu ikifika karibu asilimia 10.5, na stenlesi ya kawaida inayoitwa 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Ile ya 316 huongezewa molibdenamu ili istahimili chumvi. Kwetu hapa jambo la chumvi lina uzito wake, kwa kuwa mji unategemea sana visima vya Makutupora, na sehemu nyingi za mkoa huu ukichimba kisima unakutana na maji ya chumvichumvi, nami nilikuwa nikizimua rangi zangu kwa maji ya bomba bila kufikiri. Tangu siku hiyo ninatumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, ambayo ni maji yaliyoondolewa chumvi. Hakikisha tu kwamba umepewa maji na si asidi, maana baadhi ya wauzaji huviweka vyote viwili kwenye rafu moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiamini jina analokutajia muuzaji, bali ijaribu gololi kabla hujaiingiza kwenye rangi. Mimi huanza na sumaku ya spika iliyokufa. Gololi ikirukia sumaku kwa nguvu, ninaiweka kando, kwa kuwa 304 na 316 ama hazivutwi kabisa ama huvutwa kidogo sana. Wapo watakaosema kwamba kuna stenlesi inayovutwa na sumaku, na ni kweli, lakini aina hizo ngumu hustahimili kutu kwa kiwango cha chini kuliko hizo mbili, kwa hiyo sioni hasara kuzikosa. Zinazobaki ninazioshea mafuta, nazitia kwenye glasi ya maji yaliyokolezwa kijiko cha chumvi ya mezani, kisha naziacha dirishani siku tatu. Gololi ya baiskeli huanza kuacha vumbi la rangi ya chungwa chini ya glasi kufikia asubuhi ya pili. Nzuri hutoka kama ilivyoingia.

Chanzo changu bora kwa hapa mjini sikukitarajia. Dada yangu anafanya kazi saluni, na siku moja nilimwona akitikisa chupa ya rangi ya kucha karibu na sikio, nikasikia ule mlio mdogo ninaoujua. Chupa nyingi za rangi ya kucha huwa na gololi moja au mbili ndani, kwa kazi ileile ninayoitaka mimi. Sasa ananiwekea chupa zilizokwisha. Ninazisuuza kwa asetoni nje ya nyumba, mbali na jiko, na kila gololi inapitia sumaku na maji ya chumvi kama nyingine zote. Kutoka chupa kumi na tano za kwanza nilipata gololi ishirini na mbili zilizofaulu, bila kulipa hata shilingi. Ukihitaji nyingi zaidi, agiza stenlesi ya 316 kwa mtu wako wa Dar es Salaam, na umtajie namba hiyo waziwazi.

Vitu vingine nimevijaribu au nimeshauriwa kuvijaribu. Shanga za kioo, zile zinazotumika kwenye mapambo ya Kigogo, hazishiki kutu asilani, lakini tundu lake hujaa rangi ikaganda humo, na kioo ni chepesi: gololi ya kioo ya milimita 5 ina uzito wa gramu 0.16 hivi, ilhali ya stenlesi ya ukubwa huohuo inakaribia gramu 0.52. Kwa rangi nyepesi za kivuli kioo kinatosha, ila kwa nyeupe, njano na zile za metali hakifui dafu. (Gololi za watoto za kuchezea mchangani hazipiti hata mdomoni mwa chupa.) Nati za shaba ya njano siziafiki, kwa sababu rangi nyingi za akriliki hutiwa alkali, mara nyingine amonia, nayo amonia huila shaba ikaacha ukijani. Chuma kilichopakwa zinki hudumu mpaka ngozi ile ya juu ichubuke, na ndani ya chupa inayotikiswa lazima ichubuke.

Kuhusu risasi ninasema kwa ukali kidogo. Jamaa mmoja anayefuata samaki bwawa la Mtera aliniletea vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, akanisifia uzito wake, na ni kweli kwamba risasi ni nzito kuliko chuma. Ni laini pia, hivyo husagika kidogo kidogo ndani ya rangi, na ni sumu. Sisi wapaka visanamu tuna tabia mbaya ya kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Nilimrudishia vyote.

Kwa ukubwa, milimita 5 ndiyo ninayoipendelea kwenye chupa ya mililita 17, na ninaweka mbili. Gololi mbili huchukua nafasi ya mililita 0.13 tu, kwa hiyo rangi haimwagiki. Ndogo sana, za milimita 2 au 3, huingia kwenye kijitundu cha mdomo wa kudondoshea na kukiziba, kisha ukiiminya chupa kwa hasira mdomo unachomoka wote na rangi inaishia kwenye shati. Ili kuuchomoa mdomo huo kwa utaratibu na kuingiza gololi, uzungushie kitambaa na uvute kwa koleo huku ukiutikisatikisa, na chupa iwe imesimama wima. Gololi iwe imekauka na haina mafuta, maana hata chembe ya mafuta huifanya rangi ikimbie kwenye kisanamu na kuacha vijishimo.

Kisha sikiliza. Chupa isiyolia haimaanishi kwamba gololi imepotea, bali imezama kwenye ukoko. Igeuze kichwa chini usiku mzima, igonge kitako chake kwenye kiganja, na uanze kutikisa pale tu utakapousikia mlio. Kiangazi chetu, tangu Mei hadi Novemba, hukausha maji hata kupitia vifuniko visivyokazwa vizuri, na rangi ikiwa nzito gololi inatembea kama mtu aliye kwenye tope. Matone matatu ya maji ya betri huirudishia mwendo. Ukishatikisa, iache dakika chache mapovu yapungue kabla ya kudondosha.

Ile nyeupe iliyoingiwa na kutu haikurudi kuwa nyeupe. Niliichuja kwa kipande cha chandarua, nikaiandika “vumbi” kwenye kifuniko, na sasa ninaipaka kwenye buti na magurudumu.