Maswali yenu: Bikira aliyepinda, kokwa ya sala na msalaba wa bibi

Makala yangu kuhusu sanamu ndogo za ibada zilizochongwa Ulaya mwishoni mwa Zama za Kati imeleta maswali mengi. Najibu machache.

Yule Bikira Maria wa pembe mbona amepinda? Fundi alikosea? (Msomaji, Tanga)

Hakukosea. Sanamu ile ya karne ya 13 ilikuwa ya kanisa la Sainte-Chapelle, Paris, na sasa iko katika makumbusho ya Louvre. Kimo chake ni kama sentimita 41. Pembe ya ndovu hainyooki, basi mwili ukaifuata. Ila tusiipe pembe sifa zote: hata mabikira wa mawe wa enzi hizo husimama wamebinua nyonga kumpakata mtoto, na jiwe halikumlazimisha mtu. Tena hiyo tunayoiita pembe ni jino, na shinani lina uwazi, kwa hiyo fundi alitafuta kwanza panapoanza kujaa. Pembe nyingine zilipasuliwa vibao vyembamba, vikaungwa kwa bawaba vifunguke kama kitabu, ndani Mateso ya Yesu.

Ndovu hao walikuwa wa kwetu? (Msomaji, Lamu)

Wa Afrika, naam. Msafiri Mwarabu Al-Masudi aliandika katika karne ya 10 kwamba pembe za nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zilikwenda Oman, kisha India na China. Kuhusu zilizofika Paris, wapo watafiti wanaoifuata njia ya Bahari ya Shamu na Misri, yaani upande wetu. Wengine wanaitazama misafara ya Sahara kutoka Afrika Magharibi. Kwangu mimi, njia moja haiifuti nyingine.

Umetaja "kokwa ya sala". Ni kitu gani? (Msomaji, Bukoba)

Hapa ningeweza kujaza ukurasa. Ni tufe la mti wa buksi linaloenea kiganjani, likifunguka nusu mbili kama tunda. Ndani unakuta Yesu msalabani, wanawake wanalia, askari na farasi wao, mikuki myembamba kama sindano. Zilitengenezwa Uholanzi na majirani zake kati ya 1500 na 1530 hivi. Buksi hukua polepole mno, mti wake ni mgumu na nyuzi zake zimeshikana, ndiyo maana haukatiki ovyo chini ya kisu. Picha za eksirei zimefichua siri: mandhari haikuchongwa yote kwenye kipande kimoja. Vipande vidogo vilichongwa kando, vikapachikwa tabaka juu ya tabaka. Kokwa moja iliyoko Copenhagen ina jina la fundi kwa Kilatini. Ndiye Adam Dircksz. Hata Henry VIII wa Uingereza na mkewe Catherine wa Aragon walikuwa na rozari ya namna hiyo, kabla mfalme hajakorofishana na Papa.

Nitajuaje kaharabu ya kweli? (Msomaji, Muscat)

Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka mgumu kama jiwe. Koroga chumvi nyingi katika maji: kaharabu huelea, plastiki nyingi huzama. Lakini zipo plastiki zinazoelea pia, kwa hiyo usinunue kwa jaribio hilo peke yake. Ile ya rozari za zamani ilitoka pwani ya Baltiki, ikatobolewa na mafundi wa Bruges na Lübeck.

Bibi ameniachia msalaba wa pembe. Niuuze mtandaoni? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, mwanangu, hata picha usiiweke. Kenya kuwa na pembe ya ndovu bila kibali ni kosa, hata ya urithi. Tafuta ushauri wa wakili kwanza, kisha nenda KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.