Tasnifu ya menejimenti: mpe msimamizi kitu cha kusimamia

"Nataka kuandika kuhusu motisha na utendaji wa wafanyakazi." Mwanafunzi akiingia kwa msimamizi na sentensi hiyo tu, atatoka na jibu la "kasome zaidi", na kikao kitakuwa kimekwenda bure. Mada si swali. Katika masomo ya mashirika na menejimenti mada za namna hii zimeandikwa mno, kiasi kwamba kichwa cha tasnifu hukisiwa kabla hakijasomwa: athari za hiki kwa kile, mfano wa shirika fulani.

Tuichukue hiyohiyo ya motisha tuone inavyoharibika. Mwanafunzi anachagua nadharia ya motisha ya mwanasaikolojia Frederick Herzberg ya mwaka 1959 kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa. Anatunga dodoso la maswali 10 kuhusu mshahara, kusifiwa, mazingira ya kazi na kupandishwa cheo, kila swali likiwa na ngazi 5 kutoka "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Anajumlisha majibu yote, anatafuta wastani, anauita "motisha". Hapo ameshaiua nadharia yake mwenyewe. Kiini cha hoja ya Herzberg ni kwamba mambo ambayo yakikosekana huzua manung'uniko, kama mshahara, sera na usimamizi, ni kundi moja. Na yale yanayompa mtu hamasa, kama mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe, ni kundi jingine. Ukiyachanganya katika wastani mmoja, sura ya pili, yenye nadharia, inasema lake na sura ya nne, yenye matokeo, inapima jingine. Mtahini makini haimchukui muda kuliona.

Upande wa utendaji ndio hovyo zaidi. Kwa kawaida mfanyakazi huulizwa kama yeye mwenyewe anafanya kazi vizuri. Nani atajipa 2? Majibu hurundikana kwenye 4 na 5, na tofauti kati ya mtu na mtu inafutika. Isitoshe, mtu yuleyule amejibu maswali ya motisha na ya utendaji kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo sehemu ya uhusiano utakaouona huenda ikawa ni hali aliyoamka nayo siku hiyo. Dawa ni kuchukua utendaji kwenye chanzo kingine: kumbukumbu za mahudhurio, idadi ya makosa, mauzo ya mwezi, au tathmini ya mkuu wa kitengo. Hapo utahitaji namba ya siri kwenye kila dodoso ili uoanishe majibu na kumbukumbu, na orodha inayounganisha namba na majina uihifadhi mbali na data. Haya yote yaandikwe kwenye ombi la kibali cha maadili tangu mwanzo, maana kuyaongeza baadaye ni kuomba upya. Kama kumbukumbu hazipatikani, badili swali, usibadili kipimo kinyemela. Dodoso linafaa sana kwa mambo ambayo mhusika pekee ndiye anayeyajua: kuridhika kwake, imani yake kwa mkuu wake, nia yake ya kuacha kazi.

Na ukiwa na dodoso lililojazwa mara moja tu, liondoe neno "athari" kwenye kichwa. Unachoweza kuonyesha ni uhusiano. Yawezekana kabisa kwamba wanaofanya vizuri ndio wanaosifiwa, na sifa hizo ndizo zinazowapa motisha.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza andika ukurasa mmoja, usizidi. Weka swali lenyewe, lenye alama ya kuuliza. Nadharia moja na inachotabiri kuhusu swali hilo. Nani atajibu na wako wangapi. Kila jambo litapimwa kwa kitu gani. Na nani ameruhusu uingie kwenye shirika. Msimamizi akipewa ukurasa huo anaweza kuweka kidole mahali na kusema "hapa hapafungi".

Hilo la ruhusa hudharauliwa, nalo huua tasnifu nyingi. Meneja akikuambia "karibu tu, hakuna shida", bado hujapata kitu. Akihamishwa, ahadi inahama naye. Omba kwa barua, ujibiwe kwa maandishi na mtu mwenye mamlaka ya kusaini. Taja idadi ya watu unaowahitaji, dakika kwa kila mmoja, kipindi, kumbukumbu utakazoomba, jinsi jina la shirika litakavyofichwa, na ripoti ya kurasa 2 watakayopewa mwishoni. Usikubali idara ya rasilimali watu ikuchagulie wa kuhojiwa: utaletewa wanaosema vizuri. Omba orodha nzima bila majina, namba za kazi na vitengo tu, uchague mwenyewe. Na uwe na shirika la pili pembeni.

Kuhusu sampuli, yaani watu wachache utakaowachagua kuwakilisha wote, wengi hukimbilia kanuni ya mtakwimu Taro Yamane: idadi ya watu wote, gawanya kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara kosa (kiwango cha kukosea unachokikubali) kipeo cha pili. Watu 1,200 kwa kosa la asilimia 5 wanatoa 300. Ila hao 300 ni madodoso yanayorudi yamejazwa, si yanayogawiwa. Ukitarajia asilimia 70 yarudi, gawa 429. Kwa shirika la watu 80 kanuni inatoa 67, na kuwaacha 13 ni kujichosha bure: wape wote. Kanuni hiyo pia imekusudiwa kukadiria asilimia katika kundi. Haijui kama unalinganisha vitengo 6 au una vigeu 9, yaani mambo 9 unayoyapima, kwenye modeli moja ya takwimu. Hilo mwulize msimamizi wazi.

Anayekwenda kwenye mahojiano asidhani amekwepa hesabu. Saa moja ya sauti hula saa 4 hadi 6 kuiandika, na zaidi kama wahojiwa wanarukaruka kati ya lugha mbili. Mahojiano 15 ya saa moja ni saa 60 hadi 90 kabla hujaanza kuchambua. Andika mawili ya kwanza mara tu ukiyamaliza, mpelekee msimamizi. Ndipo mtagundua kwamba swali la tatu linajibiwa "ndiyo" tu, wakati bado una watu 13 wa kuwauliza vizuri.

Kozi za mbinu za utafiti zichukuliwe muhula kabla ya tasnifu, si sambamba nayo. Takwimu unazojifunza wiki ya 10 hazikusaidii dodoso ulilosambaza wiki ya 4. Kazi za kozi zielekeze kwenye swali lako, lakini ulizia kanuni ya chuo kabla ya kunakili hata aya yako mwenyewe. Programu za kukagua wizi wa maandishi hazibagui.

Vikao vyenyewe havina siri kubwa. Tuma kurasa 5 hadi 10, siku 5 za kazi kabla, pamoja na maswali 3 unayotaka yajibiwe. "Naomba maoni" si swali, "je, kipengele 3.4 kinatosha kueleza kwa nini nimewaacha vibarua?" ni swali. Siku hiyohiyo baada ya kikao, tuma barua pepe fupi ya mlichokubaliana. Fungua jedwali la safu tatu: maoni, ulichofanya, ukurasa. Pale ambapo hukukubaliana na maoni, andika sababu kwenye safu ya pili. Wasimamizi wengi huvumilia kupingwa kwa hoja kuliko kupuuzwa kimyakimya.

Msimamizi akinyamaza siku 10 za kazi, mkumbushe kwa heshima ukiambatisha faili lilelile. Kimya kikizidi, mwone mratibu wa programu, ukiwa na zile barua pepe mkononi. Na ukiwa na wasimamizi wawili wanaovutana, mmoja anataka dodoso na mwingine mahojiano, usimpelekee kila mmoja rasimu yake. Waandikie wote kwa barua moja, eleza mapendekezo yote mawili bila kutia chumvi, sema lipi unaona linajibu swali na kwa nini, kisha taja tarehe unayohitaji kuendelea.