Wasihamishwe, wapelekewe maabara

Wiki hii mmewauliza wasomaji: je, sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ibaki ndani ya shule za msingi kama ilivyo sasa, au ihamishiwe shule za upili? Najua wengi watakaojibu ni wazazi na walimu. Vyama vya walimu vyenyewe vimeshavutana sana juu ya jambo hili, KUPPET, ya walimu wa upili, ikitaka wanafunzi hao wapelekwe upili na KNUT, ambayo wengi wake ni walimu wa msingi, ikishikilia wabaki walipo. Mimi ni mwanafunzi wa Gredi ya 10. Nilikuwa katika kundi la kwanza, lile lililoingia Gredi ya 7 Januari 2023 na kufanya KJSEA ya kwanza, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwaka 2025. Miaka hiyo mitatu niliisomea katika shule ya umma hapa Kayole, kwenye uwanja ule ule nilioanzia darasa la kwanza. Jibu langu ni wabaki. Lakini nina neno zito la kusema kuhusu jinsi tulivyobakishwa.

Siku ya kwanza ya Gredi ya 7 niliamka kabla ya Mama. Sketi ilikuwa mpya, rangi tofauti na ile ya zamani. Mama alikuwa amemlipa fundi nusu, nusu nyingine angemalizia mwisho wa mwezi. Nikakata kona ile ile, nikampita muuza mandazi yule yule, nikaingia lango lile lile. Darasa letu lilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Ng'ambo ya uwanja lilikuwa darasa la nane la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4, likijiandaa kwa KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Walituzidi mwaka mmoja, lakini wao wakaitwa wa shule ya msingi na sisi tukaitwa wa sekondari. Jambo hilo liliwauma, na walikuwa na haki ya kuumia. Hata hivyo, wao walikuwa na walimu waliowazoea. Sisi tulikuwa na masomo 14 na mwalimu mmoja.

Mwalimu huyo alikuwa amesomea Kiswahili na Historia. Alitufundisha Kiswahili vizuri mno, kisha akageuka akatufundisha Hisabati, Sayansi, Kilimo na mengine yote. Usiku alikuwa akisoma yale ambayo angetufunza asubuhi; alituambia hivyo mwenyewe bila kuficha, na tulimheshimu zaidi kwa sababu hiyo. Tulipofika kwenye asidi na besi, alituagiza maua mekundu ya haibiskasi yaliyoota kando ya ukuta wa kanisa. Tukayaponda, tukayatia maji moto, tukachuja kwa kitambaa. Akaleta bilauri tatu kutoka kwake nyumbani. Katika ya kwanza akakamua limau, na maji yakawa mekundu ya kung'aa. Katika ya pili akatia magadi, yale yale mama zetu wanayotilia githeri iive upesi, na maji yakageuka kijani mbele ya macho yetu. Darasa zima lilisimama. Sijasahau somo hilo, wala sidhani kuna aliyekuwapo akalisahau.

Hilo ndilo jaribio pekee nililoliona likifanywa kwa mwaka huo mzima.

Mwaka 2024 masomo yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9, na hapo tukapumua kidogo. Walimu wengine wawili walikuwa wameletwa. Kisha muhula wa pili ukachelewa kufunguliwa kwa sababu ya mafuriko, na tulipofungua, walimu wetu hawakuwa darasani. Walikuwa wa mkataba, wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na walikuwa barabarani wakidai waajiriwe kwa masharti ya kudumu. Sikuwalaumu, na leo pia siwalaumu. Nilikuwa nimemwona mwalimu wangu akienda nyumbani kwa miguu jioni za mwisho wa mwezi. Lakini sisi tuliketi. Walimu wa msingi walikuwa na madarasa yao, wakatupitia mlangoni kuona kama tumetulia. Mvulana mmoja aliyependa hesabu alisimama ubaoni akatufundisha aljebra kutoka kwenye kitabu, na alipokwama tulikwama naye. Januari 2025 wengi wa walimu hao waliajiriwa kudumu. Yule wa maua hakurudi kwetu.

Msomaji atauliza: kama mambo yalikuwa hivyo, kwa nini basi nasema wabaki?

Nitaeleza kwa kisa kimoja. Siku moja nikiwa Gredi ya 7 niliingia hedhi kwa mara ya kwanza, nikiwa darasani, saa nne asubuhi. Nilikaa pale wenzangu walipotoka kwenda mapumziko, nikijifanya nanakili kazi. Aliyeniona ni mwalimu wa Gredi ya 2, aliyekuwa akipita kwenye veranda. Alikuwa amenifundisha nikiwa na miaka saba. Hakuniuliza chochote. Aliingia, akavua sweta yake, akanifunga kiunoni, akaniambia, "Twende, mwanangu." Alinipeleka ofisini, akanipa sodo na maji ya kunawa, akaketi nami akanieleza taratibu yale ambayo Mama alikuwa bado hajapata nafasi ya kunieleza. Sweta ile nilirudi nayo hadi nyumbani. Mama aliifua akairudisha mwenyewe, na tangu siku hiyo wawili hao wakawa wanapigiana simu kuhusu maendeleo yangu. Simu hizo ziliendelea mpaka nikamaliza Gredi ya 9.

Mtu anayenijua tangu nina mapengo ya meno hapatikani katika shule ya upili yenye wanafunzi mia kadhaa wageni. Nikiwa na miaka 12 ningekuwa mdogo kuliko wote uwanjani, pamoja na vijana wa miaka 17 na 18. Tena ningehitaji nauli, na katika nyumba yetu nauli ya kila siku ni pesa ya unga. Na ningemwacha mdogo wangu, aliyekuwa Gredi ya 3 wakati huo, arudi nyumbani peke yake. Kwa hali ilivyokuwa tulitembea pamoja asubuhi na jioni, na mchana nilimwona akigusisha kwenye mashine bangili yake ya kulipia chakula cha shilingi 5 cha Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi wa kulisha wanafunzi, nikajua amekula. Moyo wangu ulitulia nikaweza kusoma. Watu wazima wanaopanga mambo haya sijui kama huwa wanayapima mambo ya namna hii.

Vyoo, hata hivyo, vilikuwa aibu. Wasichana wa miaka 14 tulitumia vyoo vilivyojengwa kwa watoto wa miaka sita, vyenye milango isiyofungika, huku watoto wakichungulia kwa sababu ni watoto. Wenzangu wawili walikuwa hawaji shule siku zao. Hili si jambo la kuundiwa kamati. Ni mlango, komeo na maji.

Sasa nije kwenye neno langu zito. Januari hii nilijiunga na shule ya upili, mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wiki ya pili tuliingia maabara. Mbele yangu palikuwa na hadubini. Nilijua majina ya sehemu zake zote. Nilikuwa nimeichora daftarini mara nne na kupewa alama zote. Lakini sikujua kwamba ukipumua karibu na kioo kinaingia ukungu. Sikujua ufumbe jicho gani. Mwenzangu aliyetoka shule ya kibinafsi alizungusha skrubu taratibu, akaniambia nitazame. Nikaona seli za ganda la kitunguu, zimepangana kama matofali ya ukuta. Nilitazama mpaka mwalimu akaniambia niwapishe wengine.

Jioni hiyo nilimfikiria rafiki yangu wa Kayole. Katika darasa letu yeye ndiye aliyekuwa akitushinda sote katika Sayansi. Tulipotakiwa kuchagua mikondo tukiwa Gredi ya 9, alichagua sayansi za jamii. Nilimuuliza kwa nini. Alisema sayansi ni kitu cha kukariri, na yeye amechoka kukariri. Angesema nini kama angeona kitunguu kile? Tuliambiwa tuchague njia ya maisha tukiwa na miaka 14 na 15, na mtaala wenyewe unaitwa wa umilisi, yaani ujue kwa kutenda. Sisi tulichagua kwa kutazama picha.

Najua hoja ya wanaotaka kuhamisha. Shule za upili sasa zitabaki na madarasa ya miaka mitatu badala ya minne, vyumba vitakuwa wazi, na maabara ziko huko. Ni hoja ya kweli. Lakini maabara inaweza kutumiwa na mtoto bila mtoto huyo kuhamishwa. Kutoka darasa letu la Gredi ya 9 tulikuwa tukisikia kengele ya shule ya upili iliyo karibu. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kwa miaka mitatu hakuna aliyetupeleka huko hata alasiri moja. Kama walimu wakuu wawili wangeketi wakakubaliana kwamba kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana maabara moja ni ya Gredi ya 8 na ya 9, rafiki yangu angeiona hadubini kabla ya kujaza ile fomu. Na pale ambapo hakuna shule ya upili ya karibu, serikali itoe sehemu ya ule mgao wa pesa ambao huzipa shule kwa kila mwanafunzi inunue vifaa vichache na kabati la kufungia. Darasa la watu sitini linaweza kupokezana hadubini mbili. Tungepanga foleni bila kunung'unika.

Mdogo wangu yuko Gredi ya 6 mwaka huu. Januari ataingia Gredi ya 7, uwanja ule ule, na pengine chumba kile kile kilichokuwa stoo. Yule mwalimu wa Gredi ya 2 bado yupo na humuita kwa jina langu kwa kukosea. Likizo ya Aprili nilimwonyesha mdogo wangu jaribio la maua jikoni, kwa limau na magadi ya Mama. Alipoona kijani kile aliniuliza huko Gredi ya 7 kuna mengine kama haya. Nilimwambia ngoja nimuulize mwalimu mkuu, na nimeshamwandikia barua kuhusu hiyo Alhamisi.

Mwanafunzi wa Gredi ya 10, Kayole, Nairobi