Njia ya taa na sauti: nyumbani iliwaka vizuri, bustanini inasumbua

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni vijana watano wa Tanga. Tumetengeneza njia ya taa na sauti ya mita 10 kwenye bustani iliyo karibu na bahari: mtu akipita, taa zinamfuata pembeni na spika zinatoa sauti za marimba. Tumetumia ukanda wa WS2812B wenye taa 60 kwa kila mita, pawa saplai ya volti 5 ampea 20, bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayoendesha taa), sensa nne za kuhisi watu za PIR (HC-SR501) na DFPlayer Mini moja, kibodi kinachopiga faili za sauti. Pawa saplai na bodi zimo sandukuni, mita 8 kutoka mwanzo wa njia. Waya ni wa milimita 1 ya mraba. Sebuleni kila kitu kilikwenda sawa. Bustanini rangi nyeupe inageuka ya machungwa kadiri ukanda unavyokwenda mbele, taa zinachezacheza zenyewe, sensa zinaamka mchana bila mtu na jioni ya joto hazioni watu. Watoto wakikimbia, sauti inakatikakatika. Tubadilishe programu?

Jibu: Programu iacheni ilivyo kwa sasa. Karibu kila mnachokitaja kinaanzia kwenye waya na kwenye hewa ya nje.

Tuanze na rangi ya machungwa. Nyeupe inatokana na nukta tatu ndani ya kila taa. Nukta nyekundu inawaka kwa volti 2 hivi. Ya kijani na ya buluu zinataka karibu 3. Volti ikishuka, buluu inafifia kwanza na nyekundu inabaki. Sasa pigeni hesabu. Mna taa 600, na kila moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inaweza kula miliampea 60. Hizo ni ampea 36, na pawa saplai yenu ina 20. Lakini hata mkinunua kubwa zaidi hamjapona, kwa sababu ya zile mita 8. Kwenda na kurudi ni mita 16 za waya, na waya wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa kama omu 0.018 kwa mita, jumla omu 0.29. Zikipita ampea 7 tu, volti 2 zimepotelea njiani. Kwenye volti 5, hapo hakuna kilichobaki cha kugawana.

Dawa ya kudumu ni kuhamia volti 12. Chukueni ukanda wa WS2815 wenye taa 30 kwa mita; kwa njia ya bustani usiku, 60 ni israfu. Taa 300 kwa miliampea 15 kila moja ni ampea 4.5. Tumieni waya wa milimita 2.5 ya mraba: umbali uleule utapoteza nusu volti tu katika 12, na jicho halitaona tofauti. Pawa saplai ya volti 12 ampea 8 isiyoingiza maji itafanya kazi bila kuchemka. Lisheni ukanda mwanzoni, katikati na mwishoni, na kila tawi liwe na fyuzi yake ya ampea 5. Zile za gari zinafaa, na zinapatikana kila duka la vipuri. WS2815 ina faida nyingine: laini ya pili ya data, hivyo taa moja ikifa, zilizo mbele yake zinaendelea kuwaka.

Kama fedha za kubadilisha hazipo sasa, bakini na ukanda mlionao, lakini sogezeni pawa saplai hadi mita 1 kutoka njia, lisheni kila mita 2.5, na kwenye FastLED (maktaba ya programu ya kuendesha taa) wekeni kikomo cha umeme cha `setMaxPowerInVoltsAndMilliamps(5, 15000)`. Mwanga utapungua. Gizani hakuna atakayelalamika.

Kuchezacheza ni suala la data. ESP32 inatoa volti 3.3, na WS2812B ya volti 5 inataka angalau 3.5 ili ikubali kwamba hiyo ni "moja" ya kidijitali, si sifuri. Sebuleni mlikuwa mnabahatisha; kwenye waya wa mita 8 bahati iliisha. Wekeni chipu ya 74AHCT125 ipandishe data hadi volti 5, rezista ya omu 330 hadi 470 kwenye waya wa data karibu na taa ya kwanza, na bodi isikae zaidi ya mita 1 au 2 kutoka hapo. WS2815 nayo inahitaji chipu hiyohiyo, maana data yake ni ya volti 5 ingawa umeme wake ni 12. Hasi ya bodi na hasi ya taa lazima ziungane. Wengi husahau hili, kisha wanailaumu chipu.

Sasa sensa. PIR haimwoni mtu. Inaona tofauti ya joto inayosogea kati ya mwili na kilicho nyuma yake. Jioni ya Tanga, ukuta uliopigwa na jua kutwa unakaribia joto la ngozi, tofauti inakwisha, mtu anapita kama kivuli. Mchana upepo wa moto kutoka kwenye sakafu unaigutusha bure. Mkikaza skrubu ya usikivu, mnatibu tatizo moja na kuzidisha la pili.

Hapa rada ndogo ya LD2410C ndiyo chaguo langu. Inafanya kazi kwa gigahezi 24 na joto haliihusu. Inaona kupitia plastiki, kwa hiyo inakaa ndani ya kisanduku kilichozibwa, mbali na chumvi. Mradi tu kisanduku kisiwe cha chuma. Umbali wake umegawanywa katika hatua za sentimita 75. Kwa programu ya simu ya HLKRadarTool, ifungeni kwenye hatua ya pili, yaani mita 1.5, isije ikanasa walio kwenye benchi ng'ambo. Kiwandani hupangwa ibaki "imeona mtu" sekunde 5 baada ya mtu kuondoka. Shusheni hadi 1, la sivyo taa zitachelewa kuzima na wapitaji hawatajua nani kaziwasha. Na matawi yanayoyumba mbele yake yakateni, kwani kwa rada tawi na mkono ni kitu kimoja.

Sauti inakatika kwa sababu DFPlayer hupiga faili moja tu kwa wakati. Amri mpya inaua sauti iliyopo, na watoto wanne wanatuma amri nne. Wekeni DFPlayer nne, kila sensa na yake na spika yake, ziendeshwe na bodi ya Arduino Mega, yenye milango minne ya seri (njia za kutuma amri). Pini ya OUT (ya kutoa ishara) ya kila rada inaweza kulisha ESP32 na Mega kwa pamoja. Kwenye RX (pini ya kupokea amri) ya kila DFPlayer wekeni rezista ya kiloomu 1. Bila hiyo spika zinavuma. Someni pini ya BUSY ya DFPlayer: volti yake ikiwa chini, sauti bado inapigwa, msitume amri. Faili ziwe za WAV, maana MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni, na mtu akikanyaga kisha sauti ikachelewa, haamini kwamba ni yeye.

Chagueni noti za ngazi ya sauti tano (do, re, mi, so, la). Hata watoto wote wakikimbia pamoja, hakuna zitakazogombana. Bembea 21 za muziki zilizowekwa Montreal, Kanada, mwaka 2011 zilikwenda hatua mbele: tuni nyingine zilitoka tu watu wakibembea kwa pamoja. Nanyi mkiongeza noti ya tano inayolia sensa zote nne zikiwa na watu, wageni wataanza kuitana.

Kwa chumvi, msitumie silikoni inayonuka siki. Asidi yake inakula shaba. Nunueni ile isiyo na asidi. Waya uingie sandukuni kwa chini, ukining'inia kidogo kabla ya kupanda, ili maji yadondoke nje. Sehemu ya ukanda mliyoikata ndiyo mlango wa maji, kwa hiyo izibeni siku hiyohiyo. Umeme wa volti 230 uishie sandukuni, nyuma ya breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi. Taa zisimetemete zaidi ya mara 3 kwa sekunde, maana kuna wanaoshikwa na kifafa kwa hilo.

Na mwekeeni mlinzi wa bustani swichi ya sauti peke yake, taa zibaki. Saa za adhana hubadilika mwaka mzima, na kidole chake kitawahi kuliko saa yoyote mtakayoiprogramu.